Barua ya wazi: Mtoto mwenye baridi yabisi arudishwe uwanjani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Jimbo la Haut-Katanga na mwenzake wa Afya. Kwa maprefe (wakuu wa sekondari) na wakurugenzi wa shule za Lubumbashi, ziwe za serikali, za konvenshoni (za dini) au za watu binafsi. Na kwa madaktari wote wanaotia sahihi vyeti vya wanafunzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu karatasi moja ndogo. Mnaifahamu, maana kila Septemba inapita mikononi mwenu: cheti cha daktari kinachosema kwamba mwanafunzi fulani asifanye mazoezi ya viungo. Kina muhuri, kina sahihi, na mara nyingi hakina tarehe ya mwisho. Mtoto anampelekea prefe, prefe anakiweka kwenye faili, na tangu siku hiyo, saa ya sport ikifika, mtoto yule anabaki chini ya mti akilinda mikoba ya wenzake. Mwaka ukiisha, kinaandikwa kingine. Nimewahi kuletewa kijana anayejiandaa kwa mtihani wa taifa ambaye hakuwa amekimbia tangu shule ya msingi. Magoti yake yalikuwa yametulia zamani. Kilichokuwa kinamzuia ni faili.

Mimi ni mtu wa kine, yaani natibu kwa mazoezi ya viungo. Wengi wanaonijia ni majeruhi wa ajali za pikipiki na wazee waliopata kiharusi. Lakini wanakuja pia watoto, na kati yao wamo wenye baridi yabisi ya watoto. Hao ndio wamenifanya niandike, na ombi langu ni moja, mengine yote yanatokana nalo: acheni kuwatoa uwanjani.

Najua wapo watakaoshangaa. Rimatisi kwa mtoto? Si ugonjwa wa bibi na babu? Mwaka 1897 daktari wa London, George Frederic Still, aliandika habari za watoto waliovimba viungo, akaonyesha kwamba ugonjwa wao una sura yake, si ule wa watu wazima katika mwili mdogo. Leo madaktari duniani wanakubaliana hivi: kiungo kikivimba kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, uvimbe ukadumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zisipatikane, hiyo ni baridi yabisi ya watoto. Orodha ya aina zake ilifanyiwa marekebisho mwaka 1997 mjini Durban, Afrika Kusini, kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Huko Uingereza wanahesabu takriban mtoto 1 kati ya 1,000.

Kwetu watoto hawa wanafika wamechelewa, na sababu zake zinaeleweka. Goti la mtoto likivimba Lubumbashi, kwanza tunawaza SS, yaani selimundu, na ni haki tuwaze, maana ugonjwa huo wa damu umejaa katika familia zetu. Tunawaza homa ya rumatiki inayoharibu moyo, kifua kikuu cha mifupa, usaha ndani ya mfupa. Hayo yote ni lazima yapimwe, tena haraka. Balaa ni pale vipimo vinapotoka safi, halafu kila mtu ananyamaza. Hapo ndipo jirani anaanza kuuliza ni nani katika ukoo asiyempenda mtoto huyu, na miezi inapotea kwenye maombi na chale huku kiungo kinaendelea kuliwa ndani kwa ndani. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia utando wa kiungo chake yenyewe. Hakuna aliyemroga, na hakuna mpira wa miguu uliomletea.

Kuna jambo linalowachanganya walimu, nami siwalaumu, kwani hata wazazi linawachanganya. Asubuhi mtoto huyu anashika ukuta, anachechemea, aliye mdogo anaomba abebwe, vidole havitaki kufunga vifungo vya shati. Ikifika saa ya mapumziko unamwona anakimbizana na wenzake. Mtu mzima akiona hivyo anakata shauri: huyu anajifanya, anakwepa somo la kwanza. Kumbe ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Usiku mwili unapotulia, maji ya uvimbe yanatuama ndani ya kiungo, na kiungo kinakakamaa. Kinaanza kulainika mtoto akishaamka na kujinyoosha. Kwa mwingine inachukua robo saa, kwa mwingine saa nzima au zaidi. Ni sawa na Hiace ya zamani asubuhi ya mwezi wa sita: hakuna dereva anayeingiza gia kabla haijaunguruma kidogo. Hali hiyo inamrudia kila anapokaa muda mrefu, na benchi la darasani ni mahali pa kukaa muda mrefu.

Sasa wekeni jambo hilo katika Juni ya mji huu. Tuko mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Mama anaamka gizani, anawasha mbabula (jiko la makaa) ili apate maji ya moto, anamkanda mtoto magoti, anamvika, wanatoka wamechelewa. Wanakuta lango limefungwa. Aliyechelewa anapigishwa magoti kwenye changarawe, mbele ya bendera, mpaka prefe atakapopita. Niliona goti la msichana mmoja baada ya adhabu ya namna hiyo: lilikuwa na alama za kokoto juu, na chini ya ngozi lilikuwa la moto kiasi cha kuhisiwa kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa Jumatatu. Hakurudi shuleni juma lile lote. Na huyo ndiye aliyekuwa na cheti cha kumlinda asichoke kwenye sport!

Hapa niseme kinachonikera kuliko vyote. Karatasi inamkataza binti kurusha mpira usiofika nusu kilo. Akirudi nyumbani anabeba bido (dumu) la lita 20 kutoka kwenye robine (bomba) ya jirani, anafua, anakamua mablanketi, anasonga bukari (ugali) ya watu wanane kwa kifundo cha mkono kilichovimba. Hakuna daktari aliyemwandikia cheti cha bido. Tumemnyima mchezo, tumemwachia mzigo, na tukaita hiyo huruma.

Kwa nini nasisitiza uwanja? Kwa sababu ya yanayotokea kwenye mguu usiotumika. Goti lenye maumivu linapenda kukaa limekunjwa, maana likikunjwa maumivu yanapungua. Likizoea hivyo, kano za nyuma zinafupika, na siku moja mtoto anataka kulinyoosha, halinyooki tena. Msuli wa mbele wa paja unakonda upesi ajabu. Mimi napima kwa utepe wa fundi cherehani: naweka alama ya kalamu juu ya goti, nazungusha utepe kwenye mapaja yote mawili, kisha namwonyesha mzazi tofauti. Hapo ndipo wazazi wanaponyamaza. Halafu kuna mifupa. Mfupa wa mtoto unajijenga kwa kukanyaga chini, kwa kubeba uzito wa mwili, na miaka ya ujana ndiyo ya kuuwekea akiba. Mtoto anayekaa chini ya mti, tena pengine anameza predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayodhoofisha mifupa, mifupa yake inapoteza mara mbili. Na goti lililowaka muda mrefu linaweza kuurefusha mguu wake kuliko mwenzake, kwa kuwa damu nyingi inakimbilia hapo na mfupa unakua upesi. Mtoto anatembea ameinama upande, kiuno kinalipa.

Zamani hospitali zilikuwa zinawalaza, zikawafunga vibao, zikawaambia wapumzike. Madaktari walioandika vyeti hivi walifundishwa hivyo, au walifundishwa na waliofundishwa hivyo. Mambo yamebadilika. Mwaka 2008 wachunguzi wa Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 3 yenye watoto 212, wakakuta kwamba mazoezi hayakuuchochea ugonjwa. Mwongozo wa mwaka 2021 wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani unaweka mazoezi na kazi yetu ya kine pamoja na dawa katika matibabu ya watoto hawa. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na watoto wenye ulemavu limewataja waziwazi humo humo.

Asinielewe mtu vibaya: zoezi peke yake haliuzimi moto. Dawa zipo na ni lazima. Methotrexate, inayotuliza kinga ya mwili, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si dawa mpya. Inatumika mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Anayeimeza kila siku inaweza kumuua. Mheshimiwa Waziri wa Afya, hili ni lako: iwepo kwenye famasi za hospitali zetu, bila kukatika, na anayeitoa awe ameeleza. Vinginevyo wazazi wataendelea kununua deksa (deksamethasoni, ndugu wa predinisoloni) barabarani. Ile inafanya kazi ya haraka, mtoto ananenepa mashavu, majirani wanamsifu kwamba amependeza, na mifupa inaoza kimyakimya. Na macho yasisahaulike. Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, hasa kwa wasichana wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, na usipopimwa kwa mashine ya daktari wa macho, anakuja kugunduliwa akiwa haoni vizuri. Namaliza hapo upande wa dawa, maana si kazi yangu.

Kazi yangu ni hii. Niwaonyeshe saa ya sport inavyoweza kuwa bila kuongeza hata faranga moja kwenye minerval (karo).

Chukueni mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, wenye kutoboka, ule ambao mafundi wa barabarani wanautupa. Ukateni uwe ukanda mrefu kama mkono. Mtoto anaketi kwenye benchi, ukanda mmoja unafungwa kwenye kifundo cha mguu na kwenye mguu wa benchi, naye anaunyoosha mguu mbele polepole, anahesabu mpaka tano, anaurudisha. Msuli wa paja unafanya kazi, goti halipigwi. Mwenye goti lililovimba siku hiyo anaweka kitenge kilichokunjwa chini ya goti, anakigandamiza chini bila kuinua mguu. Wenzake wanaweza hata wasijue kwamba anafanya zoezi. Kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Kuketi na kusimama kutoka kwenye benchi bila kutumia mikono. Kulala kifudifudi kwenye majani ili nyonga na magoti yanyooke, jambo ambalo darasa zima litalipenda.

Baiskeli ni zawadi kwetu. Bukavu wana milima, sisi mji wetu ni tambarare. Mkitaka ushahidi, waangalieni wanaosukuma makaa kuingia mjini kila alfajiri. Kuogelea kunawafaa sana watoto hawa, lakini mabwawa ni ya hoteli na klabu, na sitaki kuwapa wazazi ndoto ya bei ile. Kucheza muziki kunafaa. Nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kuimba, inafaa pia, ugonjwa ukiwa umetulia. Ukiwa umeamka, tupunguze kuruka, tubaki na kupiga makofi na kuimba. Hata mpira wa miguu: mtoto ambaye dawa zimemtuliza, viungo havina uvimbe na msuli umerudi, acheni acheze. Kinachopaswa kuepukwa ni kichache na kina sababu. Asipinduke kichwa chini kama shingo imeguswa, maana mifupa ya shingo nayo inashambuliwa. Asijiegemeze kwenye viganja kama vifundo vya mikono vimevimba. Afanye kwa ngumi, au ukutani. Asiruke kutoka juu kiungo kikiwa cha moto.

Mwalimu atajuaje kwamba amezidisha? Amuulize mtoto. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu cha ajabu. Yakiisha ndani ya saa mbili hivi, na kesho yake asubuhi goti halijavimba kuliko jana, mmekwenda vizuri. Yakizidi hapo, kipindi kijacho mnapunguza. Mnapunguza, hamfuti.

Nina mgonjwa mmoja wa miaka kumi, shabiki wa Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, kutoka kichwani hadi soksi. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini nimsaidie. Wengine hujibu wanataka kupona. Yeye alisema anataka kushangilia kama Kidiaba. Mnakumbuka yule golikipa alivyokuwa akiketi chini na kurukaruka kwa makalio, miguu ameinyoosha mbele, mwaka ule wa 2010 tulipofika fainali ya dunia ya klabu. Mtoto alikuwa hawezi hata kuketi chini miguu ikanyooka. Basi hiyo ikawa programu yetu: kwanza kunyoosha goti, kisha kuketi sakafuni, kisha kunyanyua makalio kwa mikono, sentimeta moja, mbili. Mama yake alidhani namchezea. Nilimwachia adhani. Mtoto aliyekuwa analia akiambiwa afanye mazoezi sasa ananidai mimi nikichelewa.

Shuleni kwake, bado ana cheti. Kwenye buletini (ripoti ya alama), mbele ya mazoezi ya viungo, safari hii amewekewa alama za huruma. Mwaka uliotangulia aliwekewa sifuri. Sijui lipi ni tusi kubwa zaidi.

Sheria, waheshimiwa, imekwisha kusema. Nchi yetu iliridhia mwaka 2015 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 30 inataka mtoto mwenye ulemavu acheze na kufanya michezo sawa na wenzake, shule ikiwa imetajwa humo. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Sisemi kwamba kila mtoto mwenye baridi yabisi ni mlemavu. Nasema tukiendelea hivi tutamfanya awe.

Basi ninachoomba. Cheti cha "asifanye" kifutwe, mahali pake paje karatasi inayosema mtoto anaweza nini, aache nini kwa sasa, na mpaka lini. Isizidi miezi mitatu bila kumwona mtoto upya. Mwalimu wa sport ampe alama kwa alichofanya. Maprefe, mwenye karatasi hiyo asifungiwe lango asubuhi, na adhabu ya magoti iondoke kabisa. Kwa kweli ingeondoka kwa watoto wote, lakini leo nawasemea hawa. Katika miezi ya baridi, saa ya sport ya darasa lenye mtoto huyo isiwe ya kwanza. Darasani aruhusiwe kusimama na kujinyoosha bila kuomba ruhusa kila mara, na kwenye mitihani mwenye vidole vilivyovimba aongezewe muda wa kuandika. Choo chenye kiti, hata kimoja, hata cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa mtaani: kuchuchumaa kwa mtoto mwenye nyonga mbovu ni mateso, na wapo wanaokataa kunywa maji siku nzima ili wasiende.

Kwa upande wa hospitali, naomba siku moja maalumu kila mwezi, hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, ambapo daktari wa watoto, daktari wa macho na mtu wa kine wanakaa chumba kimoja, ili mama wa Katuba au wa Rwashi asilipe usafiri mara tatu. Na ISP, chuo cha ualimu kinachowatayarisha walimu wetu, watupe nusu siku tu na wanafunzi wao. Tutakuja bila posho. Mikanda ya mpira tutaikata sisi.

Tarehe 18 Machi ni siku ya kimataifa ya watoto na vijana wenye magonjwa ya aina hii. Mwaka ujao sitaki hotuba wala fulana. Tupeni uwanja wa shule moja, asubuhi moja, jua likishapanda.

Karatasi mpya nimeshaiandika, ukurasa mmoja, upande mmoja Kifaransa na upande mwingine Kiswahili, ili mzazi naye aisome. Nakala naziacha kwenye sekretarieti ya kila mmoja wenu wiki hii. Msahihishe kwa kalamu nyekundu mnavyotaka, ila irudi kabla ya Septemba, kwa sababu mwezi huo vyeti vya zamani vitaanza tena kuandikwa.

Kwa heshima,

Mtu wa kine, Lubumbashi